Mwitongo: Boma la chifu lilivyogeuka makumbusho

Ukifika Butiama, mkoani Mara, ukauliza kwa Mwalimu, utaelekezwa Mwitongo. Lakini kabla wageni hawajaanza kumiminika, pale palikuwa nini?

Kwanza palikuwa boma la chifu. Burito Nyerere, chifu wa Wazanaki, aliishi hapo na familia yake kubwa hadi alipofariki mwaka 1942. Mwanawe Edward Wanzagi akaja kushika uchifu.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta uchifu. Rais alikuwa nani? Julius Nyerere, mtoto wa boma hilohilo! Cheo kikaondoka Mwitongo, ukoo ukabaki.

Alipong'atuka urais mwaka 1985, Mwalimu alirudi Butiama kulima.

Halafu ukaja mwaka 1999. Julai makumbusho yakafunguliwa. Oktoba 14 Mwalimu akafariki London, na Oktoba 23 akazikwa Mwitongo, jirani na makaburi ya wazazi wake.

Ndiyo maana hapa si makumbusho tu. Ni kwa watu, tena pana makaburi. Kwa hiyo ukienda kupiga selfie, anza na hodi.