Fukwe za Dar es Salaam na Saa za Maji

Fukwe za Dar es Salaam zimetanda pande zote mbili za mlango wa bandari. Kusini, ng'ambo ya mlango huo, ipo Kigamboni. Kaskazini hufuatana ufukwe wa Barabara ya Barack Obama, Coco Beach ya Oysterbay, Rasi ya Msasani, kisha Mbezi na Kunduchi. Mbele yake vimetawanyika visiwa: Bongoyo na Mbudya upande wa kaskazini, Makatumbe na Sinda upande wa kusini. Bandari yenyewe ina mlango mwembamba, na mawimbi ya bahari kuu hayaifikii. Ndiyo sababu mojawapo iliyomvuta Sultani Majid bin Said wa Zanzibar kuanza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860. Fukwe za nje ya mlango hazina kinga hiyo. Anayetaka kushinda huko akipumzika hana budi kujua kwanza habari za maji.

Kwa kawaida maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita meta 3. Siku hizo, katika pwani hii, maji huwa yamekupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Baada ya wiki moja hivi huja maji mafu, na mambo hugeuka: bahari hujaa asubuhi na kupungua alasiri, tena kwa tofauti ndogo. Wengi wanaorudi mjini wakilalamika kwamba Coco Beach ni miamba na mwani mtupu walifika maji yakiwa yamekupwa. Wangechelewa saa chache wangeikuta bahari imefika karibu na minazi.

Hesabu hii ina upande wa hatari. Idi el-Fitri huangukia mwezi mosi Shawali, kwa hiyo kila mwaka huwa karibu na bamvua. Alasiri ya sikukuu, watoto wanapomiminika ufukweni kwa mamia, ndipo maji yanapokuwa mengi na mkondo wake unapokuwa na nguvu. Wazazi wa mjini huzoea kuonywa wasiwaache watoto peke yao, lakini ni mara chache kusikia onyo hilo likihusishwa na mwezi.

Siku nzuri huanzia Feri. Soko la samaki la Magogoni huchangamka tangu alfajiri, vyombo vinapotia nanga na madalali kuanza kunadi changu, kolekole, nguru na pweza. Asiyenunua kitu atapata walau samaki wa kukaanga na chai kwa akina mama wanaopika hapo hapo. Hatua chache kutoka sokoni ndipo panapopandiwa pantoni ya Kigamboni. Safari ni ya dakika chache tu na nauli yake ni ndogo, lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kuitazama bandari: meli za mizigo zinazoingia kwa mwendo wa pole, boti ziendazo Unguja, ngalawa zinazokatiza katikati yake. Tangu mwaka 2016 lipo pia Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, linalounganisha Kurasini na Kigamboni. Ni msaada mkubwa kwa wenye magari, ingawa anayevuka kwa daraja hukosa nusu ya starehe.

Ng'ambo, bajaji na daladala huelekea Mjimwema na kuendelea kusini hadi Gezaulole. Mchanga wa huko ni mweupe na mpana kuliko wa mjini, na hoteli nyingi hutoza kiingilio, ambacho baadhi yake hukikata kwenye gharama za chakula na vinywaji. Ni vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Wanaopendelea visiwa huondokea upande wa kaskazini: Bongoyo kwa boti kutoka Slipway, Msasani, na Mbudya kutoka Kunduchi. Visiwa hivi viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na leo ni maeneo tengefu ambamo uvuvi hauruhusiwi. Wageni hulipa ada ya hifadhi, na raia hulipa kidogo kuliko watu wa nje. Huko kuna mibuyu, mabanda ya makuti, samaki wa kuchoma, na maji maangavu yanayoonyesha matumbawe. Viatu vya kuogelea ni muhimu, kwa sababu penye miamba pana viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya nyayo.

Majira nayo yana kauli yake. Kusi hutawala takriban kuanzia Aprili hadi Septemba: hewa huwa na ubaridi, lakini bahari huchafuka na boti za visiwani hurusha maji. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huleta joto kali. Kipindi cha maleleji katikati ya pepo hizo mbili ndicho chenye bahari tulivu zaidi. Mvua kubwa ikinyesha, ni heri kutoogelea karibu na Daraja la Selander, kwa kuwa Mto Msimbazi humwaga hapo taka za mji mzima.

Jioni ni ya Coco Beach. Ufukwe huu ni wa wazi, hauna kiingilio, na mwishoni mwa wiki hukusanya watu wa kila hali: wanandoa, vijana wa mpira, familia zilizokuja na mikeka. Chakula chake ni mihogo ya kukaanga au kuchoma, iliyopasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na limao, ikisindikizwa na mishikaki na dafu. Kwa kuwa Coco inatazama mashariki, jua huzama nyuma ya mgongo wa watu, mjini. Anayetaka kulitazama likizamia majini inampasa kwenda upande wa pili wa rasi, Slipway, panapotazama magharibi kuvuka Ghuba ya Msasani.

Kurudi katikati ya mji kutoka Coco kumerahisishwa na Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na kupita juu ya bahari hadi karibu na Hospitali ya Aga Khan. Waliobaki Kigamboni hadi magharibi hukutana na foleni ya pantoni, hasa Jumapili, na wenye usafiri wao hufanya vizuri kuzungukia Kurasini.