Fundi kaongeza taa, zote zikafifia? Sababu hii hapa

Bariadi. Sebuleni taa ilikuwa inawaka vizuri. Fundi kaongeza ya pili chumbani, sasa zote mbili zinawaka kama kibatari. Kabla ya kusema umeme ni mdogo, angalia zilivyoungwa.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Taa zikiungwa kwa mfuatano, yaani umeme unapita taa moja ndipo uende nyingine, kama shanga kwenye uzi, zinagawana volti hizo. Balbu mbili zinazofanana zinapata 115 kila moja. Zikiwa zile za zamani za waya, mwanga wa kila moja unashuka chini ya robo. Za LED zinaweza kupepesa au zisiwake kabisa.

Zikiungwa sambamba, kila taa ina njia yake na inapata volti zote 230. Ukiongeza nyingine, ya kwanza haififii. Nyumba inatakiwa iwe hivi.

Wanaotumia sola Itilima au Meatu, kanuni ni ile ile: balbu mbili za volti 12 zikifuatana kwenye betri ya volti 12, kila moja inapata 6 tu.

Namna ya kujua: zima swichi kuu, chomoa balbu moja, kisha washa tena. Nyingine ikigoma kuwaka, zimeungwa kwa mfuatano. Usirekebishe mwenyewe, ita fundi mwenye leseni ya Ewura.