Ndege ya Maonyesho Yapelekwa Vitani

Leo ndege ikipita juu ya shamba lako hushangai. Watoto hupunga mikono, kisha kazi huendelea. Lakini mwaka 1914 watu wengi wa nchi yetu walikuwa hawajaona ndege hata moja. Hii ni habari ya ndege moja ndogo ya mbao na kitambaa. Haikutengenezwa kwa ajili ya vita, lakini ilipelekwa vitani, tena katika nchi yetu. Mambo yaliyofuata yalifika mpaka Kondoa na Ugogo.

Manowari yajificha

Wakati huo bara letu lilitawaliwa na Wajerumani. Kenya na Unguja zilikuwa chini ya Waingereza. Mwezi Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza.

Wajerumani walikuwa na manowari, yaani meli ya vita, iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja ikaipiga manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus, ikazama. Baadaye ikajificha Rufiji, mahali mto unapogawanyika kuingia baharini. Mikoko ilikuwa mingi na maji yalikuwa machache. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia. Ilibidi mtu aitafute kutoka angani.

Ndege yakodiwa

Huko Durban, Afrika Kusini, alikuwako rubani raia aliyeitwa Dennis Cutler. Alikuwa akirusha ndege aina ya Curtiss ili watu waitazame. Tumbo la ndege hiyo lilikuwa kama mtumbwi, nayo iliruka na kutua majini.

Waingereza waliikodi ndege hiyo. Wakampa Cutler cheo cha jeshi. Ndege ikapakiwa melini mpaka kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia.

Kazi haikuwa rahisi. Rejeta, yaani chombo cha kupoza injini, ilivuja. Ikaletwa rejeta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa, ikafungwa kwenye ndege. Mwezi Novemba 1914 Cutler aliiona Königsberg ndani ya mikoko.

Mwezi Desemba injini ilimzimikia. Akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Waingereza waliikokota ndege yake kwa mashua huku risasi zikilia.

Lakini maficho yalikuwa yamekwisha kujulikana. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Ndege za jeshi ziliwaonyesha wapigaji mizinga mahali pa kulenga. Königsberg ikaharibiwa.

Mizinga yafika bara

Wajerumani waliiopoa mizinga 10 ya manowari hiyo. Wakaitengenezea magurudumu. Mamia ya watu waliivuta kwa kamba.

Mwezi Mei 1916 mizinga ya Königsberg ilisikika Kondoa Irangi. Hapo Wajerumani walipigana na majeshi ya Afrika Kusini yaliyokuwa upande wa Waingereza. Mwezi Julai mwaka huo huo Dodoma ikatekwa.

Nani aliyelipa?

Ndugu msomaji, vita viliichukua ndege ya maonyesho. Vilichukua na rejeta ya motokaa. Lakini ya mkulima ndiyo yaliyochukuliwa zaidi.

Askari wa pande zote mbili walichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo. Vijana wenye nguvu walichukuliwa kuwa wapagazi. Wengi hawakurudi. Mashamba yakakosa watu wa kulima na kupalilia. Kisha mvua nazo zikawa haba. Ghala zilikuwa tupu, na mifugo ya kubadilisha kwa chakula ilikuwa imekwenda. Ikaja njaa kubwa ya mwaka 1918 hadi 1920. Ugogo njaa hiyo hukumbukwa kwa jina la Mtunya.

Ukame si jambo geni kwetu. Wazee wetu walijua kuukabili kwa akiba ya mtama na uwele, na kwa ng'ombe wao. Safari ile ukame uliwakuta wamekwisha kunyang'anywa vyote viwili.

Jina la Cutler limo vitabuni. Majina ya waliovuta kamba za mizinga ni machache sana yaliyoandikwa. Hata hivyo wapagazi wameacha alama Dar es Salaam. Mtaa wa Kariakoo umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari. Waulize wazee wa kijiji chako waliyosimuliwa na wazazi wao. Andika jina la mpagazi, kijiji chake, na mahali alikopelekwa. Andika pia vyakula vya porini vilivyowaokoa watu. Na ukivuna mtama, weka akiba ghalani kabla ya kuuza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Waingereza walihitaji ndege Rufiji?
2. Mizinga ya manowari ilifikaje bara?
3. Ni mambo gani yaliyoleta njaa ya Mtunya?
4. Kaya yako ina akiba ya chakula cha miezi mingapi?