Anayekwama Ana Ujira Mara Mbili



Katika darsa yetu ya akina mama baada ya alasiri, alikuwapo mmoja aliyekaa nyuma daima. Msahafu ukimfikia, husema miwani ameisahau nyumbani. Siku moja alisubiri wenzake waondoke, akanambia kwa sauti ya chini: "Sheikh, miwani sina, wala sijapata kuwa nayo. Ni herufi zinazonikimbia."

Ni mama wa watoto wanne, umri wake yapata miaka arubaini. Juzuu Amma ameihifadhi kwa kusikia tu. Lakini maandishi ya chupa ya dawa ya mwanawe humsomea jirani, na mumewe hakuwa na habari.

Utotoni, chuoni, alichapwa kwa kuchanganya ba na ta, tha na nun, herufi ambazo mwanzoni mwa neno hutenganishwa na nukta tu. Akaitwa mzito. Maneno yake yalinichoma, kwani nami nimeshika bakora miaka mingi.

Wataalamu huiita hali hii disleksia. Si uvivu, si upungufu wa akili, wala si maradhi ya macho; ni namna ubongo unavyozipokea herufi na sauti zake. Mara nyingi hufuata ukoo, na haimaliziki utotoni.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, amefundisha kwamba asomaye Qur'ani kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Sisi tulimpa bakora yule aliyeahidiwa thawabu. Na aya ya deni katika Suratul Baqara haikumtoa sokoni asiyeweza kuimlisha mkataba wake; ilimwekea walii wa kumsemea kwa uadilifu.

Mama huyu sasa anasoma msahafu wa herufi kubwa, kipande cha karatasi chini ya mstari, akisikiliza kwanza kisha akifuatiza. Mumewe naye amemwambia. Alimjibu kwa swali moja: kwa nini mzigo huu uliubeba peke yako?

Wazazi wenzangu, aliye nyumbani mwenu akikwepa karatasi, msimcheke. Msomeeni kwa siri na kwa uaminifu. Nami, kwa kila niliyemwita mzito, namwomba radhi.

Wabillahi tawfiq.