Chawa Aishiye Kwenye Mshono

“Mjomba, chawa anaishi wapi?”

Swali zuri hilo, mwanangu. Wengi mtasema kichwani, na yule wa kichwani mnamjua. Leo nawaletea ndugu yake, chawa wa mwilini. Jina lisiwadanganye: mwilini huyu huja kula tu. Mwacheni ajieleze.

“Mimi ni chawa. Naishi kwenye mshono wa shati. Mshono kwangu ni kama uani kwenu: hapo nalala, hapo nataga mayai. Nikiona njaa nashuka kwenye ngozi, nafyonza damu, narudi zangu. Shati lisipovuliwa, ukoo wangu unastawi. Likivuliwa likawekwa kando wiki nzima, mimi kwisha.”

Je, anauma? Anauma, na anawasha. Balaa lipo hapo kwenye kuwasha. Chawa akinyonya damu ya mgonjwa, anabeba vijidudu tumboni, navyo vinatoka na kinyesi chake. Mtu anawashwa. Anajikuna. Ngozi inachubuka, na kile kinyesi kinapenya kwenye mchubuko. Mlidhani ugonjwa unaingia chawa akiuma? Unaingizwa na kucha za mtu mwenyewe.

Ndivyo inavyoenea homa ya mahandaki, iliyowatesa askari wa Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya. Watu wakaisahau. Kisha mwaka 1993, mjini Seattle, Marekani, madaktari wakakuta vijidudu vyake kwenye damu ya wagonjwa 10, wengi wao wasio na makao. Vijidudu hivyo vikikaa sana mwilini, vinaweza kuharibu moyo.

Kwa nini wasio na makao? Fikirini bweni lao wakati wa baridi. Vitanda vimebanana. Makoti yametundikwa pamoja. Blanketi la huyu leo, kesho la mwingine. Chawa hana mabawa wala haruki, anatambaa tu. Watu wakibanana, kutambaa kunamtosha.

“Mjomba, kwani wao hawafui nguo?”

Umefanya vyema kuuliza, maana wapo watu wazima wanaowacheka bila kuuliza. Mtu huyo ana shati moja. Akilifua, atavaa nini wakati linakauka, na nje kuna theluji? Si mvivu. Hana shati la pili.

Siri hii ya nguo iliwahi kufumbuliwa zamani. Mjini Tunis, Tunisia, alikuwepo daktari, Charles Nicolle. Wagonjwa wa taifasi, homa nyingine kali, si ile taifodi, waliambukiza watu nyumbani kwao na hata mlangoni mwa hospitali. Wakishaogeshwa na kuvishwa nguo za hospitali, hawakumwambukiza mtu tena. Akajiuliza: wameacha nini pale mlangoni? Wameacha nguo. Mwaka 1909 akathibitisha kuwa mchukuzi ni chawa, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel. Mnaona swali moja linavyofika mbali?

Hata jirani zetu wa Burundi yaliwakuta. Miaka ya 1990 vita viliwaondoa watu majumbani, wakabanana kambini kwenye baridi ya milimani. Taifasi ikawaangusha maelfu kwa maelfu. Wenyewe waliiita sutama.

“Si wapake dawa?”

Walijaribu Marseille, Ufaransa. Wasio na makao walipewa nguo za ndani zilizotiwa dawa ya kuua chawa. Siku ya 14, walioondokewa na chawa walikuwa wengi kuliko wenzao wasiopewa dawa. Siku ya 45, tofauti haikuonekana tena, na chawa wengi walikutwa wamekwisha kuwa sugu.

Lakini kwa maji ya moto chawa hawi sugu. Mgeni akifika bweni linalojali, anaoga, anaazimwa nguo za kulalia, na zake zinafuliwa kwa maji ya nyuzijoto 54 au zaidi, kisha zinakaushwa kwa mashine ya joto kali. Kukicha anavaa zake.

“Na wakimpa shati la pili?”

Ewe mtoto, hapo umemweza chawa! Hili likiwa mwilini, lile lipo kwenye maji ya moto.