Otus: Jitu la Kiyunani na Bundi wa Pemba

Bundi wa Pemba hapatikani penginepo duniani ila kisiwani humo. Ni ndege mdogo mwenye macho ya manjano. Usiku husikika katika msitu wa Ngezi na hata kwenye mashamba ya mikarafuu: mlio mmoja mfupi, kimya, kisha mwingine. Mwaka 1937 R.H.W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar, alimpa jina la kitaalamu, Otus pembaensis. Neno la pili linajieleza. La kwanza limetoka mbali.

Kwa Kiyunani, otos ni bundi mwenye masikio, na neno hilo linatokana na lile la sikio. Masikio yenyewe ni vishungi vya manyoya tu juu ya kichwa. Ya kusikilizia yamefichika pembeni mwa uso. Thomas Pennant, mtaalamu wa viumbe kutoka Wales, alilitumia jina hilo kwa umbo la Kilatini, Otus, mwaka 1769 kwa bundi wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Bundi wa Pemba alirithi jina la ukoo, ingawa vishungi vyake ni vidogo mno.

Ila Wayunani walikuwa na Otus mwingine, jina lile lile herufi kwa herufi. Huyu alikuwa jitu, mwana wa Poseidon, mungu wa bahari. Pacha wake, Ephialtes, ndiye ambaye jina lake hadi leo kwa Kiyunani maana yake ni jinamizi. Mshairi Homer anasimulia kuwa walipofika miaka 9 walikuwa na upana wa dhiraa 9 na urefu wa pima 9. Walimfunga Ares, mungu wa vita, ndani ya mtungi wa shaba kwa miezi 13. Kisha wakakusudia kupandisha mlima Ossa juu ya Olympus, na Pelion juu ya Ossa, wapate kuifikia mbingu. Apollo akawaua kabla hawajaota ndevu.

Kisa chao hakikuishia kaburini. Katika kitabu cha Kilatini cha visa vya kale kinachohusishwa na mwandishi Hyginus, mapacha hao wako kuzimu, wamefungwa kwa nyoka kwenye nguzo, mgongo kwa mgongo. Na juu ya nguzo hiyo, katikati yao, ametua bundi.