Muziki Mmoja Kuuzwa Mara Nyingi: Habari za King Crimson

Mtu akinunua jembe, amelinunua. Mwaka ujao mhunzi hawezi kumjia tena na jembe lile lile, amelipaka rangi, amwambie, "Hili ndilo jembe hasa, lile la kwanza halikuwa sawasawa." Angefukuzwa uani. Lakini katika biashara ya muziki jambo hilo hufanyika kila siku, na wanunuzi hutoa fedha zao kwa furaha. Je, wamepumbazwa? Au wanapata kitu cha haki? Nataka tulipime jambo hili kwa mfano wa bendi moja ya Waingereza, jina lake King Crimson. Habari zake zinajulikana wazi, tena zina mafundisho kwa kila mtu mwenye kazi ya mikono yake ya kutunza.

BENDI ISIYOTIMIZA MWAKA

King Crimson ni bendi ya muziki wa roki, muziki wa magitaa ya umeme na ngoma nzito. Ila wao, pamoja na wenzao wa wakati ule, hawakuridhika na nyimbo fupi za kuchezea dansi. Walitunga nyimbo ndefu, zenye kubadilika mara kwa mara kama hadithi, na watu wakaziita roki ya maendeleo.

Vijana watano walianza mazoezi mjini London tarehe 13 Januari 1969. Robert Fripp alipiga gitaa. Greg Lake aliimba na kupiga gitaa la besi. Ian McDonald alipuliza filimbi na saksafoni, tena alipiga vinanda. Michael Giles alipiga ngoma. Wa tano, Peter Sinfield, alitunga maneno ya nyimbo. Walikuwa na kinanda cha ajabu kiitwacho melotroni. Ukibonyeza kidole chake kimoja, utepe mdogo ndani yake husogea na kutoa sauti ya fidla zilizorekodiwa zamani. Sekunde chache tu, kisha utepe umekwisha na lazima uachie kidole.

Tarehe 5 Julai mwaka ule ule walipiga katika bustani ya Hyde Park, siku moja na Rolling Stones, mbele ya umati uliokisiwa kuwa watu 250,000 hadi 500,000. Tarehe 10 Oktoba ikatoka santuri yao ya kwanza, In the Court of the Crimson King, ikapanda hadi nafasi ya tano katika orodha ya Uingereza. Basi, ungedhani mambo yamenyoka. Sivyo. Mwezi wa Desemba, wakiwa safarini Marekani, McDonald na Giles wakasema wanaondoka. Bendi ile ya kwanza haikutimiza hata mwaka mmoja.

Fripp ndiye pekee aliyebaki siku zote. Mwaka 1974 aliifunga bendi, mwaka 1981 akaifufua na watu wengine, ikalala tena mwaka 1984, ikaamka mwaka 1994. Santuri zao za studio ni 13, na ya mwisho ilitoka mwaka 2003. Kundi la mwisho, lenye wapiga ngoma watatu kwa pamoja, lilianza safari mwaka 2014 na kumaliza mjini Tokyo tarehe 8 Desemba 2021.

NANI MWENYE MALI?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Msomaji, labda wewe hudhani kwamba mtu aliyetunga na kupiga wimbo ndiye mwenye wimbo. Katika desturi ya kampuni nyingi za santuri sivyo ilivyokuwa. Kampuni ililipa gharama za studio, kisha ikazikata gharama hizo katika malipo ya mpigaji mwenyewe. Na baada ya deni kulipwa, rekodi ilibaki kuwa mali ya kampuni. Ni kama mtu akukopeshe fedha za kujenga nyumba, umrudishie zote, halafu nyumba ibaki yake.

Fripp aligombana miaka kadhaa na EG, kampuni iliyosimamia bendi yake tangu zamani, na ugomvi ulimalizika mwaka 1997. Wakati huo alikuwa amekwisha anzisha kampuni yake mwenyewe mwaka 1992, pamoja na David Singleton, fundi wa sauti. Kampuni hiyo, DGM, ilishika kanuni moja kubwa: haki ya rekodi ni ya aliyeipiga, kampuni inamtumikia tu.

Hata picha ya jalada la santuri ya kwanza ina kisa chake. Ni uso mwekundu unaopiga ukelele, na aliyeuona mara moja hausahau. Aliuchora kijana Barry Godber, naye akafariki mwaka 1970, miezi michache tu baada ya santuri kutoka. Picha yenyewe ilitundikwa katika ofisi ya wasimamizi, mahali penye mwanga mkali unaoharibu rangi. Fripp akaenda kuichukua ili isiharibike. Kazi isipokuwa na mwenyewe, ndugu, huharibika hivyo, ingawa hakuna aliyekusudia kuiharibu.

MIKANDA ILIYOPOTEA

Sasa tuje kwenye kutolewa upya. Santuri ile ya 1969 ilirekodiwa kwa mkanda wenye njia nane: njia hii ngoma, ile gitaa, ile sauti ya mwimbaji. Njia zikijaa, mafundi walizichanganya pamoja na kuzihamishia mkanda mwingine, wapate nafasi ya kuongeza vyombo zaidi. Kila kuhamisha kulipunguza uzuri wa sauti kidogo, kama vile barua inayonakiliwa kutoka nakala, siyo kutoka barua yenyewe.

Kwa miaka mingi matoleo mapya yalitokana na nakala za nakala. Halafu mikanda ya asili ikapatikana, hata ile ya kabla ya kuhamishwa. Mwaka 2009 Steven Wilson, mwanamuziki na fundi wa Kiingereza, akaichanganya upya, akishirikiana na Fripp. Vyombo vilivyokuwa vimefifia vikasikika wazi. Huyu mnunuzi hakuuziwa rangi mpya juu ya jembe la zamani. Alipewa kitu ambacho hata wanunuzi wa 1969 hawakupata kukisikia.

Lakini sikiliza kisa cha pili. Santuri yao ya mwaka 2000, The ConstruKction of Light, ilirekodiwa kwa mitambo ya kisasa. Walipotaka kuichanganya upya, wakakuta sehemu za ngoma zilizorekodiwa hazipatikani tena! Ikabidi mpiga ngoma wao, Pat Mastelotto, azipige upya, na santuri ikatolewa mwaka 2019 kwa jina lililogeuzwa kidogo. Tazama ajabu: mikanda ya miaka arobaini ilipatikana, na kazi ya juzijuzi ikapotea. Kumbe mtambo mpya si mtunzaji. Mtunzaji ni mtu, anayeandika juu ya boksi kilichomo ndani, na kulirudisha mahali pake.

MIKUSANYO NA VITABU

Mikusanyo nayo si ya aina moja. Mwaka 1976 ulitoka A Young Person's Guide to King Crimson, pamoja na kijitabu cha picha na habari za bendi, ili mgeni apate njia ya kuingilia. Mwaka 1991 ukaja Frame by Frame, visahani vinne vya CD. Humo, katika wimbo Cadence and Cascade wa mwaka 1970, sauti ya Gordon Haskell iliondolewa, ikawekwa ya Adrian Belew, aliyejiunga na bendi baada ya miaka zaidi ya kumi. Mimi naona hapo mpaka ulivukwa. Kusafisha picha ya harusi ni vema. Kumtoa mtu aliyekuwapo na kumtia mwingine ni jambo jingine.

Kisha yapo masanduku makubwa. The Road to Red la mwaka 2013 lina visahani 24, na Starless la mwaka 2014 lina 27. Mengi yaliyomo ni maonyesho ya miaka ya 1973 na 1974, nyimbo zile zile usiku baada ya usiku. Bei yake si ya mchezo. Lakini bendi hii ilikuwa ikibuni mengine papo hapo jukwaani, kwa hiyo usiku mmoja haufanani na mwingine. Tena wezi wa muziki walikuwa wameziuza rekodi mbovu za maonyesho hayo kwa miaka mingi. Tangu 1998 DGM iliwapelekea wanachama wake maonyesho ya zamani kwa utaratibu, ili fedha ziwafikie waliotoka jasho.

Na vitabu je? Eric Tamm aliandika juu ya Fripp na kazi yake mwaka 1990. Sid Smith alitoa historia ya bendi nzima mwaka 2001, akiwa amewahoji waliokuwamo. Akaitoa tena mwaka 2019, imeongezwa sana. Kazi ya namna hiyo haingoji. Greg Lake alifariki mwaka 2016, Ian McDonald mwaka 2022, Peter Sinfield mwaka 2024. Swali ambalo hawakuulizwa wakiwa hai, nani atalijibu leo?

BASI TUSEMEJE?

Kuuza tena si kosa lenyewe. Mnunuzi na aulize mambo matatu. Kwanza, pana kitu kipya ndani, au ni jalada tu? Pili, muuzaji amesema wazi alichobadili, na kile cha zamani bado kinapatikana? Katika toleo la 2009 wimbo Moonchild ulifupishwa, lakini mchanganyo wa asili uliwekwa pia katika toleo hilo hilo; hiyo ni haki. Tatu, fedha yangu inakwenda kwa nani?

Nawe msomaji, labda gitaa la umeme hulipendi kabisa, wala sikulazimishi. Lakini kwaya ya kwenu ikiitwa kurekodi nyimbo zake, msifurahie safari ya mjini tu. Kabla ya kufungua kinywa, ulizeni rekodi ya asili itakaa kwa nani, nakala itatunzwa wapi, na haki itakuwa ya nani. Mwandike majibu, kila upande utie sahihi, na karatasi iwekwe mahali pakavu panapojulikana na watu zaidi ya mmoja. Fripp alitumia miaka mingi kudai jambo ambalo lingaliweza kuandikwa siku ya kwanza.